LED, enajisava au globu za zamani: nyumba ya familia nifunge zipi?

MamaTuli_Moro
Habari zenu wakuu. Nina nyumba ya vyumba vitatu hapa Morogoro, taa sita za ndani. Mbili bado ni globu za wati 60, nyingine zote ni enajisava. LUKU inakimbia na nataka kuhamia LED, ila dukani bei zinapishana sana: kuna za bei ya kutupa na kuna zinazouzwa mara tatu yake. Halafu jirani kaniambia mwanga wa LED unaua macho ya watoto na kuwakosesha usingizi. Mama mkwe naye hataki kabisa ule mweupe mkali chumbani kwake. Nibadilishe zote kwa mkupuo au niende taratibu?

FundiWaya
Dada, hizo globu mbili zitoe leo. Globu ya wati 60 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 800 hivi. LED ya wati 9 inakupa mwanga uleule, enajisava inataka wati 14 au 15. Umeme mwingi wa globu unaishia kwenye joto, ndiyo maana huwezi kuishika ikiwa imewaka.

Chukua taa sita, saa tano kila usiku. Zote zikiwa globu zinakula uniti 54 kwa mwezi. Zikiwa enajisava za wati 15, uniti 13 na nusu. Zikiwa LED, uniti 8. Kwa uniti ya sh 356, kutoka globu hadi LED unaokoa zaidi ya sh 16,000 kila mwezi, lakini kutoka enajisava hadi LED ni kama sh 1,900 tu. Na kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile yenye mpaka wa uniti 75 kwa mwezi, globu ndizo zinazokuvusha mpaka huo. Enajisava nzima usiing'oe kwa ajili ya LUKU peke yake.

Kisauni_Msa
Kwa stima nakubaliana na fundi, lakini kwenye nyumba ya watoto mimi ningezitoa hata hizo enajisava. Ndani mna zebaki. Ni miligramu chache, ila ikipasuka chumbani mvuke wake ndio mnaouvuta. Ikitokea hivyo, toeni watoto, fungueni madirisha na mkae nje robo saa hivi. Msifagie, ufagio unaitawanya. Okoteni vipande kwa karatasi ngumu, chembe ndogo zinaseni kwa selotepu, kisha fungieni vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Mkataba wa Minamata wa 2013 unahusu zebaki, na nchi wanachama zilikubaliana kuacha kutengeneza na kuuziana taa za aina hii kufikia 2025. Kwa hiyo zikiungua hutapata sababu ya kununua nyingine.

Nesi_ZamuYaUsiku
MamaTuli, kuhusu macho usiogope. LED ya kawaida ya nyumbani haimpofushi mtu. Usingizi ndio wenye hoja. Mwanga mweupe wenye samawati nyingi unaufanya ubongo uchelewe kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Soma boksi, tafuta namba inayoishia na K. Ya 6500 ni nyeupe kama mchana, na ndiyo iliyojaa madukani kwetu. Ya 2700 au 3000 ni ya njano tulivu kama globu ya zamani. Vyumba vyote vya kulala weka hiyo ya njano. Jikoni na meza ya kusomea 4000 inatosha vizuri.

Mama mkwe wako ana haki yake, tafadhali msikilizeni. Mtu mzima, hasa mwenye mtoto wa jicho, taa kali iliyo wazi inamtawanyia mwanga machoni hadi haoni vizuri. Mpe ya njano yenye kifuniko cheupe kama maziwa, lakini msimpunguzie lumeni, kwa sababu jicho la uzeeni linahitaji mwanga zaidi ili asijikwae akiamka usiku.

FundiWaya
Nirudi kwenye bei. Tofauti iko kwenye draiva, ile saketi ndogo kwenye kitako. Zile za bei ya kutupa hubana hapo: kapasita, kile kinachotuliza umeme, huwa dhaifu, mwanga unacheza haraka kuliko jicho linavyoweza kuona, na wengine huumwa kichwa. Ukiwa dukani iwashe, weka kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole uimulike. Ukiona mistari mieusi inapita au mwanga unapigapiga, irudishe. Pia usiifungie kwenye kifuniko kisichopitisha hewa. Draiva huuliwa na joto.

BandaLaVifaranga
Naongezea moja: kama unalea vifaranga na globu ndiyo inayowapa joto, hiyo iache. LED haitawapasha.

MamaTuli_Moro
Asanteni sana, mmenifungua. Nanunua za njano nne za vyumbani na sebuleni, na za 4000 mbili. Swali la mwisho: kwa dada yangu LED ikizimwa inabaki inang'aa kidogo usiku kucha. Ni mbovu?

FundiWaya
Mara nyingi taa ni nzima. Kama swichi ina kile kitaa chekundu, umeme mdogo unapitia hapo na LED inaridhika nao. Kama haina, yawezekana aliyefunga aliweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Maana yake holda ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na mtu anayebadilisha taa anaweza kupigwa shoti. Mwambie azime meni swichi kabla ya kuigusa, na aite fundi mwenye testa aihamishe.