Betri ya lithiamu kutoka Unguja hadi Wete: ndege au meli?

FundiWete
Assalaam alaykum. Nimenunua betri ya sola ya lithiamu, volti 12.8, ampea-saa 100, ya friji la muuza samaki huku Wete. Mteja ana haraka, nikataka ipande ndege ya asubuhi ya Chake. Watu wa mizigo wameikataa. Mwenye duka ananambia nifunge boksi upya niandike "vipuri vya friji", itapita. Halafu nina betri za simu zimevimba, za kurudisha Darajani. Jee, nazo zapakiwa vipi?

MzigoMalindi
Wa alaykum salaam, fundi. Hilo la vipuri liwache. 12.8 mara 100 ni wati-saa 1,280. Abiria huruhusiwa betri ya akiba mpaka 100, mkononi, na mpaka 160 shirika likiridhia. Ukiipeleka kama mzigo, lithiamu-ioni iliyo peke yake bila kifaa chake (namba yake ya mizigo hatari ni UN3480) imepigwa marufuku kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Hupanda ndege za mizigo tu, na chaji yake isizidi asilimia 30. Seli moja ikishika joto huichemsha jirani yake, na ile gesi ya kuzimia moto kwenye ndege huua ndimi tu, joto linaendelea kuambukizana.

Tumia meli. Mwambie wakala mapema kuwa ni lithiamu, daraja la 9 la mizigo hatari. Boksi gumu, betri isicheze ndani, vichwa vyake uvifunike, na lebo yenye mistari myeusi ya wima ibandikwe nje. Duka likupe muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yale ya usalama wa betri za lithiamu.

BintiMkoani
Mbona betri za gari zinashushwa hapa gatini kila siku na hakuna anayeuliza?

MzigoMalindi
Hizo za maji ni risasi na asidi, daraja la 8, bibie. Hatari yake kubwa ni kumwagika, na shoti pia. Tena kila baharia anaiona anajua hii betri. Lakini boksi la "vipuri" likifuka moshi usiku katikati ya mkondo wa Pemba, nani atajua anazima nini?

Fundi, zilizovimba hazipandi ndege aslan, wala usizichanganye na nzima. Usizibonyeze wala kuzitoboa. Funika vichwa kwa tepu, kila moja mfuko wake wa plastiki, uzizungushie mchanga mkavu (si wa pwani, ule una chumvi). Na kwenye meli pia zilizovimba zina masharti yake makali, kwa hivyo muulize wakala kabla hujazitoa dukani kwako.

FundiWete
Wakala kakubali ile kubwa, ila anataka hiyo karatasi ya majaribio. Mwenye duka ati hajawahi kuiona.

MzigoMalindi
Aiombe kwa mtengenezaji, huwa wanayo. Mteja wako naye anunue barafu kwa sasa.