Mnaochora, mnaopiga muziki: hizi tamthilia za anga za juu zinawasaidiaje?

Rangi Mbichi: Wakuu habari za jioni. Mimi nachora mabango ya maduka na saluni, ndo yananiweka mjini, ila usiku nachora vya kwangu. Tangu nianze kuangalia Star Trek ile ya zamani ya 1966 kichwa hakitulii kabisa, daftari zima limejaa miji inayoelea na majahazi yanayopaa nyota kwa nyota. Sasa kaka yangu kapitia daftari kasema naiga tu Wazungu. Imeniuma. Nyie mnajuaje hiki changu na hiki nimekiokota kwenye TV?

Mzee wa Kinanda: Pole mdogo wangu. Mimi nitengenezaye midundo, kilichonifungua macho ni Doctor Who ya Waingereza, ilianza 1963. Ule mlio wa chombo chao kikiondoka, jamaa wa BBC anaitwa Brian Hodgson alichukua ufunguo wa nyumba akaukwaruza kwenye nyaya za piano, kisha akaichezea ile sauti kwenye tepu. Na wimbo wa mwanzo Delia Derbyshire aliuunga kwa kukatakata vipande vya tepu noti moja moja, kinanda cha umeme hakuna. Nilipojua hayo nikaenda jikoni nikarekodi mama anakuna nazi kwenye mbuzi, nikapunguza spidi mpaka ikawa kama injini kubwa inaunguruma chini ya maji, na mpaka leo huo mlio uko kwenye kazi zangu. Sasa hapo nimeiga nini? Nimejifunza kusikiliza tu.

dada_wa_cherehani: Naunga mkono. Watu wanaona picha hawaoni ilivyofanyika. Hao Star Trek kutua na chombo kila wiki ilikuwa gharama, ndo wakabuni mtu ayeyuke huku atokee kule, na zile chembe zinazometameta ni unga wa alumini unadondoka kwenye mwanga wanaurekodi. Vifaa vya daktari wao vingine ni vichupa vya kunyunyizia chumvi mezani! Mimi nashona, nikikosa kitambaa naukumbuka ule unga.

Msomaji wa Pwani: Kaka yako mwambie hivi, jina la Uhura, yule mwanamke mweusi wa kwenye Star Trek, limetoka kwenye neno letu uhuru, na kwenye kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 8, 1966, kuna mtu anamsemesha Kiswahili. Kwa hiyo na wao walichukua kwetu. Nichelle Nichols aliyecheza Uhura alitaka kuacha, Martin Luther King akamsihi abaki, na binti mmoja wa Chicago aliyekuwa anamwangalia, Mae Jemison, 1992 akaenda angani kweli, mwanamke mweusi wa kwanza, mwaka uliofuata akaja kuigiza kwenye Star Trek ya baadaye, The Next Generation. Ila swali lako hujajibiwa bado, hayo majahazi yako yakoje?

Rangi Mbichi: Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili mbili. Yana tanga moja kubwa la bati lililotobokatoboka nyota zinapenya, na pale omo, mbele kabisa, nimeweka macho kama yale ya vyombo vya Lamu, kila jicho ni dirisha na nahodha kakaa ndani yake. Hayo macho sijayaona kwenye tamthilia yoyote. Nikimaliza kupaka rangi natupia hapa.