Descent ya 1995 kwa laptopu kuukuu itashika?

Wasee, nimenunua laptopu kuukuu hapa tao, ram GB 2 tu, na nataka sana kucheza Descent, ile gemu ya kupigana na maroboti ndani ya migodi. Itashika kweli?

mtu_wa_umoja: Itashika buda, weka DOSBox, ile programu ya kuchezesha gemu za zamani za DOS kwa kompyuta za sasa. Utamu wake ni unapaa pande zote, juu, chini, kando, mpaka unasahau sakafu ni ipi, halafu ukishalipua riakta, ule mtambo wa nguvu wa mgodi, ni mbio utafute mlango wa kutokea kabla mgodi haujalipuka na wewe ndani, mi moyo hunidunda mpaka leo.

dada_rongai: Jaribu DXX-Rebirth, programu ya kuchezesha Descent kwa kompyuta za sasa bila DOSBox, picha ni safi zaidi. Lakini lazima uwe na mafaili ya gemu yenyewe.

mwenye_swali: Asanteni sana, naidaunlodi leo usiku.