Lori uani kwa jirani: tuvumilie au tuwaite watu wa jiji?

Mpangaji wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Naomba hoja, siyo matusi.

Jirani yangu hapa Uyole, Mbeya, ana kiwanja cha kawaida tu, ishirini kwa thelathini, na humo ndani pamoja na nyumba na banda la kuku ameingiza Scania mende mbili, zile 113 za zamani. Hakuziegesha, anazikata. Moja alishaitoa kichwa wiki iliyopita, imebaki chasi juu ya magogo kama mifupa ya ng'ombe. Anazirefusha na kuziongezea ekseli ya tatu ziende kubeba viazi vya Isyonje. Grinda inaanza saa kumi na moja alfajiri. Jioni akiwasha mashine ya kuchomelea, taa ya sebuleni kwangu inafifia na kuwaka kama ya baa. Mtoto ana mtihani.

Swali: hizi gereji bubu za malori makubwa katikati ya makazi zipigwe marufuku, au tuvumiliane kwa kuwa ndiyo ajira? Sina ugomvi naye. Mkewe akichinja kuku huwa ananikumbuka.

Spana 19
Nimesoma yote, kilichonikera ni neno moja: bubu. Mtu anakuamsha saa kumi na moja alfajiri, bubu gani huyo?

Mimi siyo jirani yako ila kazi yangu ni hiyo hiyo, uani kwangu, tangu 2003. Kodi ya yadi kando ya barabara kuu unaijua? Ukiliacha lori nje usiku, asubuhi betri hakuna, taa hakuna, hata mfuniko wa tangi la dizeli umeondoka na dizeli yake. Ndiyo maana linalala uani. Na mende ndiyo gari la fundi wa uani. Injini lita kumi na moja, ndiyo hiyo 11 unayoiona kwenye 113. Pampu ya kimekaniki, haina kompyuta ya kuombwa ruhusa. Ikizima mlima Kitonga unalegeza nati, unatoa hewa, unapiga stata, unaondoka. Hizo zenu mpya sensa moja ikifa mnalala porini mkimsubiri kijana wa laptopu kutoka Dar.

Jumba la Dhahabu
Spana wewe ndiye jirani mwenyewe. Rudisha grinda ndani, watu walale.

Boriti
Injini sina neno nayo. Shida iko kwenye hilo "anazirefusha".

Chasi ya lori siyo chuma cha geti. Ni chuma cha nguvu, kimetengenezwa kipinde kidogo na kurudi. Ukikipasha moto ovyo kinapoteza ile sifa pembeni mwa mshono, na baadaye ufa unaanzia hapo pembeni wakati mshono wenyewe bado unang'aa. Kwa hiyo unakata kwa mshazari, siyo wima kama unakata mkate. Kiraka cha ndani kinachongwa ncha, kinafungwa kwa bolti za 8.8 kwenda juu. Tundu unatoboa ubavuni mwa boriti, kwenye mabawa ya juu na chini hugusi. Vijiti vya kuchomelea ni 7018 vilivyokaushwa, siyo 6013 vya kuchomelea madirisha vilivyonyeshewa tangu Pasaka. Halafu propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma, nayo imerefuka: senta bearing ya kuishika katikati umeiweka wapi, pembe umezipima?

Nyingi ninazoziona zimechomelewa kwa macho tu, na mafundi wasio na cheti chochote. Mambo yale yale ya mtaa wetu wa Mafiati enzi za malori ya Fiati, nyundo na bahati.

Dada wa Iwambi
Swali dogo kwa mafundi. Hiyo ekseli ya tatu inayoongezwa huwa inaunganishwa breki, au ni matairi tu ya kubebea uzito? Nakaa chini ya mteremko.

Spana 19
Cheti! Nilijua kitafika. Boriti, vijana wenu wa vyeti wakija kwangu kwa vitendo nawaanzisha na kuosha spana. Mmoja aliniuliza difu inaongezwa maji ama oili. VETA wenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi waliokwisha kuwa nao. Maana yake wao wanatuheshimu kuliko wewe unayechomelea kwenye karatasi.

Na Mafiati usiiguse kabisa. Baba yangu mdogo alikuwa utingo wa Fiati. Hao unaowaita nyundo na bahati ndio walioiwasha Zambia taa.

Mzee wa Tanzam
Spana ana haki. Ninyi vijana mnapanda daladala kwenda Mafiati hamjui mnashukia wapi.

Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya mafuta. Serikali zetu mbili zikaungana na Waitaliano, ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, zikaletwa Fiati. Barabara ilikuwa tope na vumbi, wazungu wakaiita njia ya Jehanamu. Mafuta kwenda, shaba kurudi. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968 na reli ya TAZARA ilikuja kukabidhiwa 1976, kabla ya hapo nani alibeba? Kipande cha ekseli kikikatika Chimala kilitengenezwa Chimala, kwa kuni na fuawe. Cheti nani alikuwa nacho? Na jina Mafiati mnadhani limetoka wapi kama siyo hayo magari?

Kibatari
Mzee wa Tanzam shikamoo. Kwa heshima zote, mimi nimezaliwa Mafiati. Bibi yangu alikuwa akisema jina lilitokana na Fiati moja tu bovu iliyotelekezwa pale miaka mingi mpaka watu wakaifanya alama ya njia. "Nishushe pale kwenye Fiati." Kampuni haihusiki.

Mzee wa Tanzam
Marahaba mjukuu. Moja ingeitwa Fiati. Ma- hiyo ni ya wingi. Bibi yako alihamia mwaka gani?

Kibatari
Bibi usimguse mzee.

Jumba la Dhahabu
Mwalimu wa Kiswahili ameingia uwanjani. Na Maembe je, mtaa wenye embe moja unaitwaje?

Mkopo Poa
Mnabishana historia ya mikweche. Mende ni gari la maskini, tuseme ukweli. Mwenye akili anachukua Howo mpya ya Mchina kwa mkopo, analipa kidogo kidogo, analala usingizi. Kukata na kuunga gari lililoundwa wengine hatujazaliwa ni kutengeneza jeneza lenye matairi kumi.

Mama Isyonje
Mkopo Poa nimekaa kimya tangu mwanzo ila hilo la maskini na jeneza nalijibu, kwa sababu hizo mende mbili zinazosemwa hapa ni kama zangu. Ninayo moja.

Wewe umewahi kubeba viazi? Viazi havisubiri. Mvua ikinyesha Isyonje lori linakaa siku nne shambani linavutwa na trekta. Mwezi mzuri upo, mwezi wa kula akiba upo, lakini benki haina mwezi wa masika. Shemeji yangu alichukua hilo jipya lako la mkopo. Gari likachukuliwa, na kiwanja alichoweka dhamana kikafuata, sasa yuko kwangu anapakia magunia. Mende yangu nililipa taslimu, ikiharibika namlipa fundi kidogo leo, kidogo wiki ijayo, na ndizi juu yake. Ndiyo umaskini wangu huo, umesomesha watoto watatu.

Na hiyo ekseli hatuongezi kwa mapenzi. Ni ile sheria ya mizani ya SUMATRA ya 2018. Ukiwa na ekseli moja nyuma, mizani ya Makambako wanakukamata kila wiki.

Boriti
Mama, heshima kwako, ila turekebishe. SUMATRA, ile mamlaka ya usafiri, ilikufa 2019 ikazaliwa LATRA, na mizani ni ya TANROADS, wakala wa barabara. Sheria yenyewe ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya 2016, huku kwetu ikaanza kubana Machi 2019. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10, mbili zinazofuatana tani 18. Kwa hiyo ndiyo, unapata tani 8 za bure kwenye mizani. Bure kwenye mizani tu. Fremu, springi na breki hazijaambiwa kama sheria imebadilika. Na kadi ya gari bado inasema ekseli mbili.

Mama Isyonje
Asante mwalimu. Kiazi hakijui kama ni LATRA au TANROADS, faini ni ile ile.

Dada wa Iwambi
Breki jamani. Niliuliza.

Mwana wa Kariobangi
Salamu kutoka Nairobi. Huku tunaita jua kali na serikali inatupigia makofi, sijui nyinyi mnaona aibu ya nini. Lakini mimi siogopi chasi, naogopa rimu ya ringi, ile ya vipande ambayo ringi ndiyo inashikilia tairi. Kijana anajaza upepo uani watoto wakicheza kando, ringi haijakaa vizuri, inaruka. Ikiruka haichagui mtu. Gereji bila kizimba cha kujazia upepo ifungwe hata kama iko Ikulu.

Spana 19
Hapo Mkenya amesema. Mimi nikikosa kizimba nazungushia mnyororo wa gogo, mdomo wa pampu mrefu, nasimama pembeni. Na busta za breki za nyuma je? Ndani mna springi inayoshika gari hewa ikiisha, imebanwa kwa nguvu ya kuua. Kuna bolti ya kuifungia kabla hujagusa kitu. 2009 nilijifanya najua, nikalegeza klampu bila kuifunga. Kidole cha kati cha kushoto kilibaki kwenye paa la banda. Tangu siku hiyo kijana wangu yeyote akishika busta bila ile bolti namfukuza siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa dada.

Mkopo Poa
Kwa hiyo umekiri kuwa hamkufundishwa.

Spana 19
Nimekiri nina vidole tisa. Wewe una vyote kumi na hujawahi kulegeza nati.

Mpangaji wa Uyole
Wakuu mimi ndiye mwenye mada. Taa zangu je? Na ile oili chafu anayomwaga nyuma ya choo?

Spana 19
Oili chafu hamwagi mtu mwenye akili, inauzwa. Wajenzi wanaigombea kupaka mbao za kenchi zisiliwe na mchwa. Kama jirani yako anamwaga, siyo fundi huyo. Taa, mwambie aombe umeme wa njia tatu, au nunua stabilaiza.

Mpangaji wa Uyole
Ninunue mimi?

Kibatari
Nimepiga simu nyumbani. Bibi alihamia 1971. Mzee wa Tanzam upo?

Mzee wa Tanzam
1971 Fiati zilikuwa pale tayari mjukuu wangu. Bibi alikuta jina.

Dada wa Iwambi
Sasa nisikilizeni. Hii mara ya tatu. Nimewasoma mkibishana Fiati ngapi zilikuwa wapi mwaka gani, nani ana cheti, nani maskini. Mwaka juzi lori la mchele lilikosa breki juu kule, likashuka likipiga honi mpaka chini, likaingia kwenye kibanda cha mama mkwe wangu cha maandazi. Alikuwa ameenda kuchota maji. Tulikuta karai limekunjwa kama chapati. Lile lori lilikuwa na ekseli ya kuongezwa. Nililiona kwa macho yangu, ile ya mwisho haikuwa na bomba hata moja la hewa.

Spana, wewe ni fundi na naona unapenda kazi yako. Nakuuliza wewe kwa jina. Ekseli unazoongeza zina breki au hazina?

Mkopo Poa
Jeneza nililisema.

Mama Isyonje
Pole sana mdogo wangu. Yangu inazo, nilisimama pale pale akifunga.

Boriti
Dada pole. Na hata kuunganisha tu hakutoshi. Ukiongeza busta mbili nyuma, kompresa ni ile ile na matangi ya hewa ni yale yale. Ukikanyaga mara tatu kwenye mteremko hewa imeshuka. Lazima uongeze tangi na valvu yake, na utoe maji kwenye matangi kila asubuhi. Pale madereva wengi hawagusi.

Spana 19
Dada, pole. Nilikuwa naendesha, sikuona mapema.

Mwaka huu nimeongeza ekseli mbili. Ya kwanza nimefunga busta, valvu, tangi jipya, kila kitu, mwenye gari alilipa. Ya pili nilimpa mwenye gari bei ya vifaa vya breki akasema aanze na kazi kwanza, breki tutafunga hela ya mzigo wa kwanza ikirudi. Nilimwambia asipite mteremkoni na mzigo kamili. Alikubali.

Dada wa Iwambi
Limetoka lini kwako hilo la pili?

Dada wa Iwambi
Spana?

Dada wa Iwambi
Namba zake ni zipi? Kebini rangi gani?

Jumba la Dhahabu
Spana amezima simu. Au yuko chini ya gari.

Kibatari
Wakuu, leo nimepita Mafiati makusudi nikamuuliza mzee mmoja anayeuza vyuma chakavu pale. Anasema Fiati zilikuwa mbili. Mzee wa Tanzam, mbili ni wingi, nakubali, ila kampuni bado sijaiona.