Kampuni moja ya huduma za ardhini, mashirika matatu ya ndege, programu tatu: tuunganishe vipi?

Kaunta_Lubumbashi
Jambo wote. Hapa uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, ekipe moja ya huduma za ardhini inaweza kupokea ndege za mashirika matatu kwa siku, na kila shirika lina programu yake ya kuandikisha abiria. Kampuni nayo ina yake ya kupanga watu, ngazi na trekta za mizigo. Saa ya kuondoka inaandikwa mara tatu na haifanani. Tuanzie wapi? Na intaneti ikikatika?

Mzani_wa_Ndege
Yaya, msianze na programu. Kaeni na kila shirika, mwandike nani anaingiza nini. Saa ya ndege kusimama maegeshoni: mtu wa rampe (anayefanya kazi nje, pale ndege zinapoegeshwa). Idadi ya abiria: programu ya shirika. Mizigo iliyoingia katika kila chumba cha tumbo la ndege: kiongozi wa upakiaji, baada ya kuhesabu kwa macho. Wengine wote wanasoma tu. Kisha yaingie kwenye Kiambatisho B cha SGHA (mkataba wa kawaida wa huduma za ardhini kati ya shirika na kampuni), pamoja na nani analipia mafunzo shirika likibadili programu. Jambo hilo husahauliwa sana, na gharama huangukia kampuni.

Ombeni data mnayohitaji peke yake. Majina ya abiria hayana kazi rampe. Idadi, viti vya magurudumu, vipande vya mizigo na uzito vinatosha, na shirika hukubali upesi zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye hati ya uzito, ile anayopewa rubani kabla ya kuruka. Abiria asipopanda, mzigo wake lazima ushushwe. Kaunta ikimfuta kwenye programu na rampe isione, mzigo unabaki tumboni huku hati ikisema umetoka. Rubani anapewa uzito na mlingano usio wa kweli. Kwa hiyo badiliko lolote baada ya kufunga hati lipite kwa redio pia, kwa namba ya lebo, na rampe ijibu “umeshuka” kabla ya hati kusahihishwa.

Saa_za_UTC
Saa zenu hazifanani kwa sababu mna saa tatu. Lubumbashi ni UTC+2, Kinshasa UTC+1, na ujumbe wa MVT (unaoliambia shirika saa ndege ilipoondoka au kufika) unakwenda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Saa nane mchana hapa ni saa saba Kinshasa, na kwenye ujumbe ni 1200. Mtu akiandika 1400, kompyuta ya shirika inaona ndege imechelewa saa mbili zaidi, na abiria wa kuunganisha safari wanaweza kuhamishiwa ndege nyingine bure. Wekeni saa ya ukutani ya UTC mbele ya anayetuma.

Mfano, kwa shirika la kubuni XY:

MVT
XY123/14.ABCDE.FBM
AD1200/1212 EA1555 ADD
DL93/32/0020/0010
PX86

Yaani safari XY123 ya tarehe 14, ndege ABCDE, kutoka Lubumbashi (FBM): iliondoka maegeshoni 1200, ikaruka 1212, inategemewa Addis Ababa 1555, abiria 86. Ilichelewa dakika 20 kwa sababu ilifika kwa kuchelewa (93), na 10 kwa upakiaji (32). Mashine ya kupakia ikiharibika ni 33, si 32. Kubalianeni namba hiyo ya sababu na mwakilishi wa shirika kabla ya kutuma, maana faini hufuata namba hiyo.

Lebo_Kumi
Kuhusu intaneti: laini mbili za kampuni mbili tofauti, na betri za akiba kwa kompyuta, printa na ruta pia. Ruta ikizimika, kompyuta yenye umeme haisaidii. Chapeni orodha ya abiria kabla ya kufungua kaunta, na muwe na fomu tupu za hati ya uzito kwa kila aina ya ndege.

Lebo za mizigo zinazoandikwa kwa mkono ndizo huleta shida kesho yake. Lebo ina tarakimu 10, na mashine za uwanja wa kuunganishia huitambua kwa sababu ujumbe wa BSM, wenye habari za mzigo huo, umetangulia kutoka kwenye programu. Mkibandika lebo ya mkono bila kuiingiza baadaye, BSM haiendi, mzigo unatupwa upande wa kuchambuliwa kwa mikono na unaweza kukosa ndege. Laini ikirudi, ingizeni kwanza mizigo ya kuunganisha, na mwisho ile inayoishia Kinshasa tu.

Kaunta_Lubumbashi
Aksanti sana. Neno la siri moja kwa zamu nzima, mnaonaje?

Mzani_wa_Ndege
Hapana. Kila mtu na lake, na rampe wasome tu. Mizigo 41 ikigeuka 38, lazima ijulikane nani alibadili na saa ngapi.