Fanny, Rose, Eliza: mnampimaje mwigizaji mkuu kabla ya kumpa nafasi?

Zumari_77 ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba tujadili jambo moja. Tamthilia kongwe ya muziki inaporudishwa jukwaani, mwigizaji mkuu wa kike apimwe kwa vigezo gani? Sitaki zile sifa za jumla, "ana kipaji, ana mvuto". Nauliza kazi yenyewe ya siku ya usaili: aimbe nini, kwa ufunguo upi (yaani wimbo ukae juu au chini kiasi gani), na ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba sauti yake haitavuka mwezi wa pili wa maonyesho.

Mfano wangu ni Funny Girl, ambayo mhusika wake mkuu ni Fanny. Ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za New York, mwaka 1964 na Barbra Streisand, kisha ikapita miaka 58 bila kurudi Broadway. Iliporudi Aprili 2022 ilianza na Beanie Feldstein, akaondoka mwisho wa Julai. Julie Benko akabeba Agosti, na Septemba 6 akaingia Lea Michele mpaka pazia lilipofungwa Septemba 2023. Kuna wanaosema kosa ni kutafuta jina, kuna wanaosema kosa ni kusahau sauti. Ninyi mnaokaa kwenye meza ya usaili mnaanzia wapi? Na ufunguo ukishushwa ili umfae mwimbaji, kuna ubaya gani?

---

NotaKwanza amejibu:

Mkuu, anza na nota. Majina yaje baadaye.

Chukua nota za piano na sauti, pitia kila wimbo wa mhusika huyo na uandike mambo manne: noti ya chini kabisa, noti ya juu kabisa, eneo ambalo wimbo unakaa muda mrefu zaidi, na kitu ambacho mhusika alikuwa anakifanya dakika mbili kabla ya kuanza kuimba. Jambo la tatu ndilo linalowaponyoka wengi. Mtu anaweza kuigusa C iliyo oktava moja juu ya C ya kati (ile ya katikati ya piano) mara moja tu kwenye usaili, meza nzima ikafurahi, kumbe wimbo unamtaka akae kwenye A na B mstari baada ya mstari. Kugusa noti ni jambo moja, kuishi pale ni jambo jingine.

Rose wa Gypsy, yule mama anayewasukuma binti zake jukwaani, na Fanny wa Funny Girl muziki wao umetungwa na mtu mmoja, Jule Styne, lakini mizigo yao haifanani. Rose aliandikiwa Ethel Merman mwaka 1959: sauti ya kifua (ile nzito ya kumwita mtu aliye mbali), pana, yenye kufika ukuta wa nyuma. Fanny aliimbwa kwanza na Streisand akiwa na miaka 21, na nyimbo zake zinaanza karibu na mazungumzo, zinapanda taratibu, halafu zinadai mstari mrefu usio na mahali pa kuvuta pumzi. Mwimbaji anayemfaa Rose si lazima amfae Fanny.

Usaili wa kwanza usiwe mrefu. Vipimo 32 (zile sehemu ndogo za mapigo zinazogawa wimbo kwenye nota) vya wimbo wa polepole na 16 vya wimbo wa haraka, achague mwenyewe, vinatosha kujua kama umwite tena. Akirudi, mpe nyimbo za tamthilia yenyewe, na uzipange kama mwili wake utakavyozikuta usiku: wimbo unaofunga sehemu ya kwanza, papo hapo onyesho la ugomvi lenye kelele, kisha dakika 10 na mwalimu wa ngoma, maji kidogo, halafu wimbo mkubwa wa mwisho. Rose anafunga sehemu zote mbili kwa nyimbo zake mbili nzito kuliko zote, na ule wa pili unakuja mwili ukiwa umechoka kabisa. Ukimsikiliza wimbo huo peke yake saa nne asubuhi, akiwa ametoka kupasha sauti, bado hujamsikia Rose.

Sasa sikiliza na utazame. Kidevu kinapanda noti inapopanda? Shingo inakaza? Noti ndefu inashuka kidogo kwenye irabu "i" na "e"? Akimaliza, muulize swali la kawaida, hata la ratiba tu, usikilize sauti yake ya kuzungumza. Ikiwa imeingia mkwaruzo ambao haukuwepo alipoingia mlangoni, umeshapata jibu.

Kuna kipimo kingine kidogo ninachokisisitiza kila ninapopata nafasi. Mwombe aimbe mstari mmoja rahisi kwenye noti za juu, kwa sauti ndogo mno, kama anambembeleza mtoto. Nyuzi za sauti zilizovimba zinaweza kupiga kelele vizuri tu, kwa sababu nguvu ya hewa inaficha uvimbe. Kwenye sauti ndogo hazina pa kujificha: hewa inatoka kwanza, noti inachelewa kushika. Fanya hivyo siku ya usaili, na umwite tena kesho yake asubuhi ufanye hivyo hivyo. Asubuhi ya pili ndiyo inayosema ukweli. Akichelewa kushika noti, hiyo si hukumu ya mwisho, maana huenda ana mafua. Mwombe aonwe na daktari wa koo kabla hujaandika mkataba.

---

TarumbetaMbili amejibu:

Nijibu hilo la ufunguo, maana linachukuliwa kirahisi sana.

Kushusha ufunguo si dhambi, ni kazi ya kawaida. Tatizo ni wakati na kiasi. Amua funguo zote kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, kabla nota za okestra hazijachapwa. Ukisubiri mpaka siku ya kwanza okestra nzima inakutana na waimbaji, kila ukurasa wa kila mpigaji unaandikwa upya, na usiku huo hakuna anayelala.

Kuhusu kiasi, tazama wimbo ulio kwenye B flati. Tarumbeta zenyewe ni za B flati, yaani noti wanayoisoma kama C inasikika B flati, kwa hiyo mpigaji anasoma C, haina shapu wala flati (alama za kupandisha au kushusha noti nusu toni). Mwimbaji anasema, "Nishushie nusu toni tu." Ukienda A, mpigaji sasa anasoma B yenye shapu 5, na mistari ya haraka aliyokuwa anaimeza inamkwama vidoleni. Ukishusha toni nzima hadi A flati, anasoma B flati yenye flati 2 tu. Kwa hiyo mara nyingine kushusha zaidi ni rahisi kwa okestra kuliko kushusha kidogo. Muulize mpangaji wa muziki kwanza, usiahidi nusu toni mbele ya mwimbaji.

Jambo la pili ni sakafu ya vyombo. Fidla haishuki chini ya G iliyo chini ya C ya kati. Mstari wa fidla uliokuwa unaishia hapo, ukishusha wimbo, noti zake za mwisho hazipo tena. Lazima zipelekwe kwa viola (ndugu mkubwa wa fidla, mwenye sauti ya chini zaidi) au zipandishwe oktava, na rangi inabadilika.

Na la tatu linahusu msisimko. Nyimbo hizi zimepangwa ili kilele kikae pale ambapo sauti ya kifua iko karibu na mpaka wake. Hadhira inasikia mtu anayeuvuka mpaka. Ukishusha kwa theluthi (toni moja na nusu au mbili), mpaka unatoweka, mwimbaji anastarehe, na wimbo unalala. Binafsi toni moja ndiyo kikomo changu kwa wimbo wa kilele. Ikihitajika zaidi ya hapo, nadhani umempa nafasi mtu asiyefaa kwa nafasi hiyo, hata kama ni mzuri kwa nyingine kumi.

---

NyumaYaPazia amejibu:

Nakubaliana na wote wawili, ila mnampima mtu wa usiku mmoja. Broadway na London ratiba ya kawaida ni maonyesho 8 kwa wiki, na baadhi ya siku yanakuwa mawili, mchana na usiku. Mpe nafasi mtu wa onyesho la nane, yule wa usiku wa uzinduzi atapatikana humo humo.

Na kama nafasi ni nzito mno, kubali mapema kwamba inahitaji watu wawili. Si aibu, wala si jambo jipya. Evita, tamthilia ya maisha ya Eva Perón wa Argentina, ilipofunguliwa Broadway mwaka 1979 Patti LuPone aliimba usiku, na maonyesho ya mchana yakawa na Eva mwingine, Terri Klausner. Iliporudi 2012 na Elena Roger, alikuwepo mbadala vilevile. Hello, Dolly! ya 2017 ilikuwa na Bette Midler, na Jumanne ikawa ya Donna Murphy. Hiyo Funny Girl unayoitaja, Lea Michele alipoingia, Alhamisi ilikuwa ya Benko.

Mbadala wa siku maalumu si sawa na mwigizaji wa akiba. Wa akiba mara nyingi yumo kwenye kundi la waimbaji, anacheza nafasi yake kila usiku na anaingia mkuu akiugua. Kuna pia anayekaa nje kabisa akisubiri kuitwa. Mbadala ana siku yake, nguo zake zilizoshonwa kwa mwili wake, wigi lake, na saa zake za mazoezi na okestra. Kinachoharibika mara nyingi ni hiki: mazoezi ya watu wa akiba yanaanza baada ya uzinduzi, wakati mkuu yuko hatarini zaidi wiki za kabla yake, anapofanya mazoezi mchana na maonyesho ya majaribio usiku. Akipoteza sauti hapo, hakuna aliye tayari. Mchague mbadala wiki ile ile unayomchagua mkuu, kwa usaili ule ule, na akae chumbani tangu siku ya kwanza.

Funny Girl ya London ya 2016 inafaa kukumbukwa hapa. Sheridan Smith alipokuwa hayupo, Natasha J Barnes aliibeba nafasi ile na watu wakamkubali. Hilo haliwezekani kwa mtu aliyepewa kitabu jana.

---

MezaYaUsaili amejibu:

Nitapingana kidogo na NotaKwanza. Nota zinakuambia nani ataweza kuimba. Hazikuambii nani ataaminika.

Mchukueni Sally Bowles wa Cabaret. Ndani ya hadithi yeye ni mwimbaji wa klabu ya usiku Berlin ambaye hatafika mbali. Ukimpa mwenye sauti ya kuangusha paa, hadhira inajiuliza kwa nini mtu huyu hajawa nyota, na hadithi inavunjika. Filamu ya 1972 na Liza Minnelli iliwazoesha watu Sally mwenye sauti kubwa, na tangu hapo kila anayeirudisha jukwaani anapambana na kumbukumbu hiyo. Natasha Richardson alipata tuzo ya Tony mwaka 1998 kwa Sally ambaye kwanza ni mwigizaji.

Au Desirée wa A Little Night Music, 1973. Mtunzi Stephen Sondheim alimwandikia Glynis Johns wimbo wenye vifungu vifupi kwa sababu sauti yake ilikuwa tamu lakini haikushikilia noti ndefu. Ukimpa mwimbaji wa opera anayetaka kunyoosha kila noti, anayaua maswali yaliyomo kwenye maneno. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: nota hizi ziliandikwa zimfiche nani, au zimwonyeshe nani?

Eliza wa My Fair Lady, muuza maua wa London anayefundishwa kuzungumza kama mtu wa tabaka la juu, anahitaji kipimo chake. Mwenye kufika G ya juu kwa soprano (sauti ya juu ya kike) safi utampata. Kazi iko kwenye lafudhi mbili na zile kelele zake za muuza maua. Mwache apige zile kelele mara tano mfululizo, kisha aimbe wimbo wake wa juu bila kupumzika. Anayezitoa kooni atasikika amekauka. Anayezipeleka mbele, puani na kwenye mifupa ya uso, ataimba kama hakufanya kitu. Halafu msomeshe onyesho la mwisho kwa lafudhi ya Kiingereza cha tabaka la juu. Ikiwa hasira yote imepotea pamoja na lafudhi ya Cockney (ile ya mtaani London), mwongozaji atakuwa na kazi kubwa.

Na tafadhali, kwenye usaili wa Fanny wakatazeni kumwiga Streisand. Njia rahisi ni kumpa maneno ya wimbo ayaseme kwanza kama mazungumzo, bila muziki. Mwigo wote unadondoka hapo hapo, unabaki na mtu.

---

Zumari_77 ameandika:

Asanteni sana wakuu. TarumbetaMbili, umeniokoa na nusu toni. Mawili yamebaki: umri, na ruhusa za kubadili vitu.

---

MezaYaUsaili amejibu:

Umri wa mhusika usomwe kwenye mwendo wa hadithi. Julie Andrews alikuwa na miaka 20 alipofungua kama Eliza mwaka 1956. Merman alikuwa na 51 alipofungua kama Rose, LuPone 58 mwaka 2008, Audra McDonald 54 mwaka 2024. Rose anaanza na watoto wadogo na anamaliza na binti aliye mwanamke kamili, kwa hiyo mtu wa miaka 30 atadanganya mwishoni. Eva Perón ni kinyume chake: anaanza na miaka 15 na anafariki na 33, na nyimbo zinataka mapafu ya kijana.

Kumbuka pia kwamba ukimchagua mkuu umeshachagua na familia yake. McDonald alipopewa Rose, binti zake wawili, Louise akawa Joy Woods na June akawa Jordan Tyson, na hao wasichana wana watoto wanaowaigiza utotoni. Usifanye usaili wa watoto kabla ya Rose, utaurudia.

---

NotaKwanza amejibu:

Ruhusa: mkataba wa kuonyesha unakukataza kubadili maneno, mpangilio wa nyimbo au jinsia ya mhusika bila idhini ya maandishi. Kazi za watunzi Rodgers na Hammerstein, kwa mfano, ziko chini ya Concord, kampuni inayotoa haki za kuonyesha. Kuhusu ufunguo, uliza wakati ule ule unapoomba haki, maana wenye haki huweza kukupatia nota zilizokwisha kuhamishwa, na hilo ni nafuu kuliko kumlipa mtu aandike usiku. Zamani mtunzi aliyekuwa hai aliweza kumshonea nyota wimbo: Merman alipoingia Hello, Dolly! mwaka 1970, mtunzi wake Jerry Herman alirudisha kwa ajili yake nyimbo mbili zilizokuwa zimeondolewa. Sasa Herman hayupo, na kila wazo la namna hiyo linapita kwa wasimamizi wa haki.

---

NyumaYaPazia amejibu:

Na siku za mbadala ziandikwe kwenye mkataba wa mkuu na zitangazwe siku tiketi zinapoanza kuuzwa, kwa jina la mbadala. Mtu aliyenunua Jumanne akijua ni Donna Murphy ameenda kumwona Donna Murphy. Aliyegundua kwenye karatasi mlangoni anaenda dirishani kudai fedha zake, na mbadala anaingia jukwaani mbele ya viti vilivyokasirika kabla hajafungua mdomo.