Websaiti ya kazi za picha: harusi na hoteli sehemu moja, nichague muonekano gani?

mpigapicha_arachuga

Habarini wakuu. Niko Arusha, napiga picha, kazi yangu kubwa ni harusi, sendofu na kichen pati, ila siku hizi nimeanza kupata na kazi za loji na hoteli za utalii, yaani vyumba, chakula, bwawa, wageni wakiwa kwenye magari ya safari na vitu kama hivo. Kazi zote ziko Instagram na wateja wa harusi wananipata hukohuko au kwa kuelekezana. Tatizo ni hawa wa hoteli, meneja kitu cha kwanza anauliza "una websaiti?", ukimpa Instagram anakutana na bibi harusi, keki, bibi harusi mwingine, chumba kimoja, halafu kipaimara, anakwambia atakutafuta na hakutafuti.

Sasa nataka nitengeneze saiti ya maana. Nimeangalia templeti (miundo ya saiti iliyotengenezwa tayari) nyingi mpaka macho yanauma, zimebaki tatu. Ya kwanza ni slaida, picha moja inajaza skrini yote zinabadilika zenyewe, bakgraundi nyeusi. Ya pili ni vijipicha vya miraba vimejipanga ukigusa kimoja kinafunguka. Ya tatu ni nyeupe, ukurasa mrefu unashuka tu picha baada ya picha. Moyo wangu uko kwa ile ya slaida nyeusi, inavutia sana. Je inafaa kwa kazi zangu? Na nifanye saiti moja au mbili?

fundi_wavuti_dar

Mkuu kabla hujachagua yoyote jiulize, picha zako nyingi ni za kulala au za kusimama? Maana templeti zote zinazouzwa wameziwekea picha za milima ya Iceland na modeli mmoja kasimama katikati, hapo hata templeti mbovu itakuvutia, unachokipenda ni zile picha sio muonekano. Chukua ya majaribio, futa picha zao zote, weka zako hata 15 tu, za harusi na za vyumba, halafu ifungue kwenye simu. Asilimia kubwa ya wateja wako watafungua kwa simu so kompyuta iangalie mwisho.

Ukifanya hivo slaida itakuonesha shida yake mwenyewe. Skrini ya laptop imelala, ya simu imesimama, na slaida inajaza skrini yote kwa hiyo picha ileile inakatwa kwa namna mbili. Bibi harusi uliyempiga mzima mpaka mkia wa gauni, kwenye laptop anabaki kuanzia kifua hadi kiunoni. Chumba ulichokipiga kipana ili kionekane dirisha na Meru kwa mbali, kwenye simu kinabaki nusu ya kitanda na taa. Ile miraba nayo inakata vichwa hivohivo, na wewe kama mpiga picha ulikaa ukapanga fremu yako halafu programu inakuja inakupangia upya, mi hiyo siwezi kukubali kabisa. Na zile zinazobadilika zenyewe, mtu bado anaangalia picha, imeshaondoka.

Ningekuwa wewe ningetafuta galari ambayo kila picha inabaki na umbo lake, za kulala zikae za kulala, za kusimama zikae za kusimama, zipangwe kwa safu. Ziko nyingi tu. Ila angalia kitu kimoja, zile za nguzo nguzo kama Pinterest zinachanganya mpangilio, ulikuwa unataka picha ya kiapo ifuatwe na ya pete, kwenye laptop unakuta pete iko nguzo ya tatu juu kabisa. Kwa harusi hiyo inaua stori.

Halafu uzito, hapa ndo wapiga picha wengi mnaua saiti zenu. Kamera ya megapikseli 24 inakupa picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ukiitoa Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, kwa ubora wa mwisho inaweza kufika MB 10 na zaidi, weka 30 hizo hapo ni MB 300 za bando la mtu, nani atasubiri? Punguza upande mrefu uwe pikseli 2048 mpaka 2500, ubora weka 75 au 80, nyingi zitashuka chini ya MB 1 na jicho halitaona tofauti kwenye skrini. Na toa kwa sRGB, ndo mpangilio wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, ukitoa kwa ule mpana wa Adobe RGB kuna vifaa vitapausha rangi, ngozi za watu zinakuwa kama zimepakwa majivu. Google wenyewe wanataka kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, sasa slaida ya picha tano nzito hapo unaanza ukiwa umeshachelewa.

bi_lenzi_mombasa

Kaka, fundi amesema kweli kuhusu kukatwa picha, mimi naongeza upande wa mteja. Saiti moja yatosha lakini milango iwe miwili tangu ukurasa wa kwanza: Harusi, na Hoteli. Picha moja kubwa kila upande, isiyosonga, jina lako na mji wako juu, basi. Na kila mlango uwe na linki yake, meneja wa loji unamtumia linki ya hoteli moja kwa moja wala hapitii kwa bibi harusi.

Wateja hawa wawili hawaangalii kitu kimoja. Mwenye hoteli ataka kuona kama mistari ya ukuta imenyooka, kama dirisha halikuungua jeupe, kama chakula kinaonekana cha leo. Picha 20 za nguvu zamtosha, kutoka kwa hoteli tofauti. Bibi harusi yeye hizo picha moja moja nzuri ameshaziona Instagram, anachotaka kujua ni kama utaweza kumfanyia siku nzima, asubuhi wakati wa kupambwa, mchana jua kali, usiku ukumbini kwenye taa za kijani na zambarau ambazo zaharibu kila ngozi. Kwa hivyo upande wa harusi weka harusi nzima mbili tatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa huo ukurasa mrefu wako wa tatu. Ule ndio wafaa stori.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna templeti itakuuliza na kwangu mimi ni zito kuliko rangi na safu. Huku pwani mambo ya wanawake harusini ni ya ndani. Bibi harusi akipambwa, wageni wamevua mabuibui, wako na nywele wazi na nguo zao nzuri, nimeruhusiwa kuingia na kamera kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzao na wananiamini. Picha zile haziendi mtandaoni, hata ikiwa ndiyo kazi bora niliyopata kufanya. Kwa hivyo nilipochagua muonekano nilitafuta kwanza ule ulio na galari za kufungwa kwa nywila, familia inapewa linki na neno lake la siri, hazionekani kwenye menyu wala Google. Kwa watu wote naonyesha mikono yenye hina, kanga na mapambo ya chumba, vito, viatu, maua ya asmini, vitu vyasema harusi bila uso wa mtu. Na picha hizo zenyewe zanipa wateja, mama wa bibi harusi akiona hivyo ajua siri za nyumba yake ziko salama.

Hata bara ni muhimu. Kenya tuna sheria ya kulinda data ya 2019, nanyi Tanzania mna yenu ya 2022, na uso wa mtu unaomtambulisha ni taarifa yake. Omba ruhusa, iandikwe.

chumba_cha_giza_zenj

Mimi nitazungumzia hiyo nyeusi tu, maana nimeona umeipenda.

Rangi iliyoizunguka picha inabadilisha picha. Ukiiweka kwenye weupe mkali inaonekana ina kiza zaidi kuliko ilivyo, ukiiweka kwenye weusi inaonekana ina mwanga zaidi ila ukali wake unapungua. Jicho ndivyo lilivyo. Kwa hiyo picha zako za ukumbini usiku na za machweo porini zitapendeza kwenye weusi, lakini chumba cheupe cha hoteli chenye mashuka meupe na jua la asubuhi ukikizungushia weusi kinakaa kama dirisha la jela. Na mtu akiwa nje juani na simu yake, skrini nyeusi inamuonesha uso wake mwenyewe. Ngozi zetu nyeusi nazo zinataka uangalifu, kwenye weupe kabisa sura inazama na mtu anadhani hukupiga vizuri.

Jaribu kijivu chepesi au weupe uliovunjwa kidogo, halafu acha nafasi ya kutosha baina ya picha na picha. Ukifika Mji Mkongwe ingia Capital Art Studio pale Kenyatta Road, ipo tangu 1930, kuta zimejaa picha za nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani. Fremu ni za kawaida tu, hakuna madoido, na watu wanasimama mbele ya picha moja muda mrefu. Mimi naamini saiti ya picha iwe hivo, maandishi ya fonti moja inayosomeka, hakuna vitu vinavyoruka, na muziki usiweke kabisa.

mhazini_wa_kamati

Mimi sio mpiga picha ila nimekaa kamati za harusi nyingi hapa Moro. Linki yako itatupwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati, watu 60 humo, wanaoifungua hawafiki 10, wengine wote wanaona kile kijipicha kinachotokea chini ya linki. Kikitokea kitupu au nembo imekatwa nusu umeshapoteza kura. Na weka bei ya kuanzia, hata moja tu, sisi tuna bajeti tumeshaipitisha na hatuna muda wa kuuliza wapiga picha sita mmoja mmoja.

mpigapicha_arachuga

Aisee asanteni sana, nimejaribu na picha zangu kwenye ile slaida, kweli bwana harusi amekatwa kichwa kabisa kwenye laptop. Slaida imetoka. Bi lenzi hilo la milango miwili nimelichukua lilivyo. Sasa swali, nitumie WordPress au hizi za kulipia kila mwezi kama Squarespace na Pixieset? Kuna jamaa kaniambia ataniwekea WordPress na domeni, yaani jina la saiti, nitumie ya kwake. Halafu mhazini, hicho kijipicha cha WhatsApp kinawekwaje?

fundi_wavuti_dar

Domeni ya kwake hapana!! Sajili kwa jina lako na imeili yako, .co.tz unaipata kwa mawakala walioidhinishwa, jamaa mpe ruhusa ya kufanya kazi tu. Mkigombana au akihama nchi, jina la biashara yako linabaki lako.

WordPress ni bure yenyewe lakini inataka hosti, yaani sehemu ya kulipia saiti ikae, na inataka mtu wa kuiapdeti kila mara, themu (muonekano) na plagini (programu za nyongeza) zikizeeka unavamiwa. Kama huna muda huo lipia hizi za mwezi, na Pixieset inakupa na galari za wateja za kufungwa kama alivyosema dada hapo juu. Zinakatwa kwa dola kwa kadi, kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa inafanya kazi sehemu nyingi, jaribu kwanza. Na kama tayari unalipia Lightroom kupitia Creative Cloud, kile kifurushi cha Adobe, angalia vizuri, Adobe Portfolio, huduma yao ya kutengenezea saiti, mara nyingi imo humohumo bila kuongeza hela, ni nyepesi, haina mambo mengi, kwa kuanzia inakutosha kabisa. Upande wa nywila inaweza pia kufunga ukurasa.

Kijipicha cha WhatsApp nenda kwenye mipangilio ya ukurasa, kuna sehemu ya picha ya kushea, weka yenye pikseli 1200 kwa 630, iwe ya kulala na mhusika awe katikati. Mlango wa harusi weka ya harusi, wa hoteli weka ya hoteli. Jitumie mwenyewe uone kabla hujatuma kwa watu.

mpigapicha_arachuga

Poa, Lightroom nalipia kweli, naanza na hiyo Adobe. Bakgraundi nitajaribu kijivu chepesi. Bi lenzi la mwisho, hiyo ruhusa unaiombaje bila kuharibu mood, siku ya harusi watu wana mambo mengi?

bi_lenzi_mombasa

Siku ya harusi usiombe chochote. Iweke kwenye mkataba wakati wa kulipa amana, sehemu tatu wachague: zote zaruhusiwa, nitakazochagua mimi tu, au hakuna. Wengi huchagua ya pili. Baada ya kukabidhi kazi wewe wamtumia bibi harusi picha 10 unazozitaka, anakujibu kwa maandishi hizi ndio hizi sio. Na akibadilisha mawazo baadaye, ametoa talaka au amefiwa, unaziondoa siku hiyohiyo bila kuuliza kwa nini.